Je, Wajua? Nondo Wachimba Majani na Siri Wanazoziacha Ndani ya Jani

Je, wajua kwamba ile michirizi ya rangi ya fedha inayojipinda juu ya majani machanga ya mchungwa na mlimau si ugonjwa wala si njia ya konokono? Ni handaki. Amepita humo kiwavi wa nondo aitwaye Phyllocnistis citrella, ambaye tangu aanguliwe hadi awe tayari kugeuka pupa hajatoka nje ya jani hata mara moja. Anaishi chini kidogo ya ngozi ya jani, anazipasua seli kwa mataya yaliyo bapa na kunywa majimaji yake. Ule mstari mweusi mwembamba unaopita katikati ya mchirizi ni kinyesi chake. Akishiba, anasogea ukingoni mwa jani, anaukunja kwa hariri, na humo ndimo anamogeuka. Nondo anayetoka ni mweupe, ana mistari ya kahawia na doa jeusi kwenye ncha ya bawa, na ukimtandaza mabawa hafiki sentimita 1.

Aliyemweleza kwanza kitaalamu ni Mwingereza Henry Tibbats Stainton, mwaka 1856, kutokana na vielelezo vilivyotoka Calcutta, India. Leo mdudu huyu yuko karibu kila mahali panapolimwa michungwa duniani, Kenya na Tanzania zikiwemo. Ukitaka kumwona, tafuta machipukizi mapya baada ya mvua, uyainue yaelekee jua. Mwanga ukipenya jani, utamwona mwenye nyumba kwenye ncha ile ya mchirizi iliyo pana zaidi.

Nyumba yenye unene wa ukucha

Nondo wachimba majani ni wengi. Familia moja tu, Gracillariidae, ina spishi zipatazo 2,000 zilizokwisha kupewa majina duniani. Familia nyingine, Nepticulidae, ndiyo yenye nondo wadogo kuliko wote: baadhi yao, mabawa yakiwa wazi, wana upana wa milimita 3 hivi. Kwa macho matupu ni vumbi linaloruka. Chini ya hadubini ni jambo jingine kabisa. Wengi wana mabawa yenye magamba ya shaba, zambarau na fedha, yamepigwa mikanda inayong'aa, na juu ya kila jicho kuna kifuniko cha magamba kilichoota kwenye kitako cha papasi. Sijui mdudu mwingine ambaye uzuri wake umefichika namna hii kwa sababu ya udogo peke yake.

Lakini si kila handaki ni la nondo. Uchimbaji wa majani umezuka kwa njia mbalimbali katika makundi manne ya wadudu: nondo, inzi, mbawakawa na jamaa fulani wa nyigu. Kwenye shamba la maharage au nyanya wanaokutwa zaidi ni nondo na inzi, na kuwatenganisha si kazi ngumu. Funua handaki taratibu kwa ncha ya sindano. Kiwavi wa nondo ana kichwa hasa, mara nyingi cha kahawia na kilicho bapa, chenye mataya mawili ya kukatia. Funza wa inzi hana kichwa cha kuonekana. Ana kulabu ndogo nyeusi mdomoni, na mara nyingi hulala ubavu akichimba. Kinyesi nacho kinasema. Inzi wengi hukiacha pembeni mwa njia, mara upande huu mara upande ule. Nondo wengi hukiacha katikati, kwa mstari mmoja.

Jani linasomwaje?

Je, wajua kwamba spishi nyingi za nondo hawa hutambulika kwa urahisi zaidi kwa handaki lililo tupu kuliko kwa nondo mwenyewe aliye hai mkononi? Hili ndilo linalonivutia kuliko yote. Ndege akisharuka, tawi halina habari zake. Nondo mchimba majani akisharuka, maisha yake ya utotoni yanabaki yameandikwa kwenye jani, mwanzo hadi mwisho, na mtu anaweza kuja wiki kadhaa baadaye akayasoma.

Kusoma kunaanza na mmea. Usipojua ni mti gani, umepoteza nusu ya jibu, kwa kuwa wengi wa nondo hawa hula mmea wa aina moja tu au jamaa zake wa karibu. Anayejua kuutenga mkole na mkwaju, au mpera na mzambarau, ameshapunguza orodha ya washukiwa kutoka mamia hadi wachache. Ndiyo maana bibi anayejua miti ya kijiji chake ana sifa ya kuanza kazi hii kuliko kijana mwenye simu ya bei kubwa asiyejua jina la mti ulio mlangoni pake.

Kisha tafuta yai. Ganda lake hubaki limegandia mahali handaki lilipoanzia, dogo mno, linametameta kidogo. Je, liko juu ya jani au chini yake? Liko jirani na mshipa au mbali nao? Kila spishi ina desturi yake na haiivunji ovyo. Fuata handaki kutoka hapo. Mengine ni njia nyembamba inayopanuka kadiri kiwavi anavyokua. Mengine yanaanza kama njia halafu yanafumuka kuwa baka pana. Mengine ni baka tangu mwanzo. Angalia kinyesi: kimejaza njia yote, au kimekaa kama uzi katikati, au kimetawanyika, au kimesukumwa kwenye kona moja? Mwisho tafuta tundu la kutokea, uone umbo lake na upande wa jani lilipo.

Mfano mzuri uko kwenye matembele. Nondo aitwaye Bedellia somnulentella, aliyepewa jina na Mjerumani Zeller mwaka 1847 na ambaye leo ameenea duniani, huchimba majani ya viazi vitamu na ya jamaa zake wanaotambaa vichakani. Kiwavi wake ni msafi. Anatoka handaki moja na kuingia jingine, na kinyesi anakisukuma nje kupitia kitundu, kwa hiyo chini ya jani utaona vipunje vyeusi vimenaswa kwenye nyuzi za hariri zilizotandazwa ovyo. Akifika wakati wa kugeuka hajifungi ndani ya kifukofuko kama wenzake. Pupa wake ananing'inia wazi kwenye nyuzi chache tu. Mama anayechambua mboga ya matembele jikoni bila shaka ameshawahi kuyatupa majani yenye alama hizo. Alama hizo zinatosha kumtaja mdudu.

Aliyeifanya kazi ya kusoma majani kuwa taaluma kamili ni Erich Martin Hering wa makumbusho ya viumbe ya Berlin. Alikusanya majani yenye mahandaki, akayakausha na kuyapanga kwa maelfu, kisha mwaka 1957 akachapisha vitabu vya kuyatambua mahandaki ya majani ya Ulaya, mmea kwa mmea. Hadi leo anayetafuta nondo hawa Ulaya hupita kwenye njia aliyoichonga Hering. Kwa Afrika kazi ya namna hiyo ilifanywa kusini: mwaka 1961 Lajos Vári wa Pretoria alitoa kitabu kikubwa kuhusu nondo wa kundi hili wa Afrika Kusini, wengi wao akiwa amewafuga mwenyewe kutoka majanini. Afrika Mashariki bado haina kitabu cha kuoanisha mti na handaki ambacho mwalimu wa shule ya kata angeweza kukibeba mfukoni, na mimi ninaona ni pengo kubwa.

Wajenzi wa hema na mafundi cherehani

Je, wajua kwamba kiwavi mmoja anaweza kuwa na miili miwili tofauti katika utoto wake? Kwa wengi wa familia ya Gracillariidae, siku za mwanzo kiwavi ni bapa kabisa, hana miguu ya maana, na mataya yake ni visu vya kupasulia seli ili anywe. Anajiambua ngozi mara kadhaa, na ghafla anatokea akiwa mviringo, ana miguu, ana mataya ya kutafuna, na ana kiwanda cha hariri. Sasa anaanza kula nyama ya jani yenyewe.

Wale wa jenasi ya Phyllonorycter wanaitumia hariri hiyo kwa ufundi. Kiwavi anatandika nyuzi upande wa ndani wa ngozi ya jani aliyoitenga. Nyuzi zikikauka zinajivuta, ngozi inakunjamana, na jani linainuka kwa juu na kuwa hema. Ndani ya hema kiwavi ana nafasi ya kujigeuza, kula na hatimaye kuwa pupa. Kwa nje mtu anaona tu uvimbe mdogo na mikunjo michache chini ya jani.

Familia ya Heliozelidae ina ustadi mwingine. Kiwavi akishiba anakata kipande cha umbo la yai kwenye ngozi ya juu na ya chini ya handaki lake, anavishona pamoja kwa hariri, na anaondoka na mfuko huo hadi chini ardhini. Jani linabaki na tundu safi utadhani limetobolewa kwa mashine. Ukikuta jani lenye baka dogo na tundu la namna hiyo pembeni yake, usimtafute kiwavi juu ya mti. Tafuta chini, kwenye majani yaliyooza.

Kilimanjaro, kahawa na jina la kuazima

Je, wajua kwamba kwa muda mrefu nondo wa kahawa wa Kilimanjaro alikuwa akiitwa kwa jina la ndugu yake wa Amerika?

Mwaka 1842 Mfaransa Guérin-Méneville alieleza nondo mdogo mweupe aliyekuwa akiharibu mibuni katika visiwa vya Karibi. Leo tunamwita Leucoptera coffeella. Nondo weupe wanaofanana naye walikuwepo pia kwenye mibuni ya Afrika Mashariki, na kwa kuwa macho hayakuona tofauti, waliitwa vivyo hivyo. F. B. Notley alipochapisha mwaka 1948 utafiti wake kuhusu wachimba majani ya kahawa wa Kilimanjaro, wa kwanza alimwandika kwa jina hilo la coffeella. Mwaka 1956 akachapisha sehemu ya pili, kuhusu spishi nyingine, Leucoptera caffeina.

Kisha mwaka 1958 J. D. Bradley akachapisha uchunguzi wa kitaalamu akilinganisha nondo hao, akaonyesha kwamba yule wa kwetu ni spishi nyingine kabisa: Leucoptera meyricki, aliyekwisha kupewa jina na Ghesquière mwaka 1940. Tofauti haikuwa kwenye rangi ya mabawa. Kwa nondo wadogo, tofauti za uhakika mara nyingi ziko kwenye viungo vya uzazi, ambavyo mtaalamu huvitoa kwenye tumbo lililochemshwa katika dawa ya kulainisha, akavitia rangi na kuvitazama chini ya hadubini. Dume na jike wa spishi moja wana maumbo yanayolingana, na ya jirani yao hayalingani nayo.

Mtu anaweza kuuliza: jina lina faida gani kwa mkulima wa Machame? Faida ni kwamba kila spishi ina tabia zake. Leucoptera meyricki hutaga mayai yake yakiwa yametawanyika juu ya jani. Leucoptera caffeina huyapanga kwa mstari, yakigusana, kandokando ya mshipa mkuu. Mkulima anayejua hilo anaweza kuwatenganisha shambani bila hadubini, kwa kutazama mayai tu. Viwavi wa meyricki wakianguliwa wanazama ndani moja kwa moja, mahandaki yao yanaungana na kuwa baka moja la kahawia, na ukilifunua unawakuta wamekaa pamoja, weupe na wadogo. Wakishiba wanatoka, wanashuka kwa uzi wa hariri, na kufuma vifukofuko chini ya jani, kila kimoja kikifunikwa na nyuzi nyeupe zenye umbo la herufi H. Nondo aliyekomaa ana urefu wa milimita 3 hivi.

Hadithi ya kahawa ina upande mwingine ambao watu wa mashambani wanapaswa kuujua. Nondo hawa wana maadui wengi, hasa nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya miili ya viwavi. Katika miaka ya 1950 na 1960 mashamba makubwa ya kahawa ya Afrika Mashariki yalipulizwa sana dawa kali kama parathion dhidi ya wadudu wengine. Kiwavi aliyemo ndani ya jani ana kinga ya ngozi ya jani. Nyigu anayeruka nje hana kinga yoyote. Wachimba majani, waliokuwa wadudu wa kawaida tu, wakageuka kuwa tatizo kubwa. Aliyekuwa akipiga dawa kwa bidii zaidi ndiye aliyekuwa akiwalinda.

Mwalimu wa Marlborough na nyanya za Arusha

Jina meyricki linamkumbuka Edward Meyrick, mwalimu wa shule ya Marlborough huko Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1854 na kufariki mwaka 1938. Wakati wa mapumziko yake aliwaeleza nondo wadogo wa dunia nzima, zaidi ya spishi 14,000, wengi wao kutoka nchi ambazo hakuzikanyaga. Watu wa India, Afrika na Amerika Kusini walimtumia vielelezo, naye akaandika maelezo mafupi kwa kila kimoja.

Mwaka 1917 alieleza nondo mmoja wa kijivu kutoka Huancayo, Peru, akamwita absoluta. Hakuna aliyejali sana kwa miaka mingi. Nondo huyo ndiye Tuta absoluta, mchimba majani na matunda ya nyanya. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akavuka hadi Afrika Kaskazini, akateremka kupitia Sudan na Ethiopia, na mwaka 2014 alikuwa amefika Kenya na Tanzania. Wakulima wa Tanzania wamempa jina la kantangaze, na hasara aliyoileta kwa wakulima wa nyanya haihitaji kupambwa kwa maneno.

Hapa utambuzi una thamani ya fedha. Majani ya nyanya huchimbwa pia na inzi wa jenasi ya Liriomyza, walioletwa Afrika Mashariki kutoka Amerika miaka ya nyuma. Mchoro wa inzi ni mwembamba, mweupe, unaojizungusha kama mwandiko wa mtoto. Wa kantangaze ni baka pana, linalopenyesha mwanga, lenye kinyesi cheusi ndani, na mara nyingi kiwavi huhama na kuanzisha jingine au kuingia kwenye tunda. Mkulima akimwita mmoja kwa jina la mwingine, atanunua dawa isiyofaa.

Karanga nazo zina kisa chao. Mwaka 1998 nchini Uganda mashamba ya karanga yalikutwa na mchimba majani ambaye hakuwa akijulikana Afrika. Wataalamu walidhani ni yule wa India, Aproaerema modicella, na jina hilo likaandikwa kwenye taarifa nyingi wakati mdudu akisambaa hadi Malawi, Msumbiji na Afrika Kusini. Baadaye vinasaba vyake vilipopimwa vikakutwa vinalingana na vya nondo wa soya wa Australia, Aproaerema simplexella.

Majina yanatoka wapi?

Je, wajua kwamba Linnaeus, Mswidi aliyeanzisha utaratibu wa majina mawili ya kisayansi, aliwapa baadhi ya nondo wadogo majina ya wanazuoni wakubwa waliomtangulia au walioishi wakati wake? Mwaka 1758 aliwakumbuka hivyo Ray, Goedart, Swammerdam, Rösel na Clerck, kila mmoja na nondo wake, na kila jina akalimalizia kwa -ella. Ndiyo sababu majina mengi ya nondo wadogo huishia hivyo hadi sasa: citrella, coffeella, somnulentella.

Afrika Mashariki nayo imeingia kwenye orodha hiyo ya majina. Mwaka 2012 Jurate De Prins, aliyefanya kazi katika makumbusho ya Afrika ya Kati yaliyoko Tervuren, Ubelgiji, pamoja na Akito Kawahara wa Florida, walichapisha uchambuzi wa kurasa zaidi ya 280 kuhusu kundi moja tu la Gracillariidae wa Afrika kusini ya Sahara na maeneo ya jirani. Humo spishi kadhaa zilipewa majina kwa mara ya kwanza: Cameraria sokoke, kwa ajili ya msitu wa Arabuko-Sokoke, Phyllonorycter ololua, wa msitu wa Ololua karibu na Nairobi, Cremastobombycia morogorene, wa Morogoro, na wawili waliopewa maneno ya Kiswahili kabisa, Cremastobombycia kipepeo na Phyllonorycter kazuri. Hata Oman ina wake, Phyllonorycter jabalshamsi, kwa jina la mlima mrefu kuliko yote nchini humo.

Misitu kama Ololua imezungukwa na barabara, shule na nyumba za watu. Nondo wake si wanyama wa porini walikokwenda wapelelezi na ngamia. Ni wadudu waliokuwa wakiishi majanini jirani na mji mkuu wa nchi, na hadi mwaka 2012 hawakuwa na jina.

Ushahidi uliolala kwa zaidi ya miaka 100

Je, wajua kwamba kiwavi aliyekufa ndani ya jani mwaka 1879 ndiye aliyetatua fumbo la Ulaya ya leo?

Miaka ya 1980 nondo asiyejulikana alianza kuharibu miti ya kivuli katika miji ya Ulaya, ile ya jenasi ya Aesculus iliyopandwa kando ya barabara na kwenye bustani. Aligunduliwa karibu na ziwa Ohrid, Makedonia, na mwaka 1986 akapewa jina Cameraria ohridella. Mwaka 1989 alikuwa Austria. Mwaka 2002 alikuwa London. Kila kiangazi miti ilikuwa ikigeuka kahawia miezi kadhaa kabla ya wakati. Wengine walidhani ametoka Asia, wengine Amerika.

Ili kulitatua fumbo hilo, mtafiti David Lees na wenzake hawakwenda msituni. Walikwenda kwenye hifadhi za mimea mikavu. Wataalamu wa mimea wa karne ya 19 walikuwa wamechuma majani ya mti huo katika Balkani, wakayabana kati ya karatasi na kuyahifadhi, bila kujua kwamba ndani ya baadhi yake mlikuwa na viwavi. Majani yaliyochumwa Ugiriki mwaka 1879 na Theodor von Heldreich yalikuwa na mahandaki, na ndani ya mahandaki mlikuwa na viwavi waliobanwa pamoja na jani. Vinasaba vyao vilipimwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba nondo huyo alikuwa Balkani zaidi ya miaka 100 kabla ya kugunduliwa, akiishi kwenye misitu ya asili ya mti wenyewe.

Nairobi kuna hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki. Mwanzo wake ni kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na mkusanyiko huo ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Rundo kwa rundo, humo mna majani ya Usambara, Mlima Kenya, Kakamega, Zanzibar na Ruwenzori, yaliyochumwa wakati misitu mingine ingali mizima. Kila karatasi ina tarehe, mahali na jina la mmea, yaani yale mambo matatu anayoyahitaji mtafuta wachimba majani. Natamani vijana wa vyuo vyetu wapewe lenzi na muda wa kuyapitia majani hayo upya, safari hii wakiangalia kasoro zake badala ya maua yake.

Kwa ufupi, mawili ya ajabu

Jani la mtofaa likigeuka manjano kabla ya kuanguka, mahali alipo kiwavi wa Phyllonorycter blancardella huweza kubaki kijani kibichi, kisiwa kidogo cha uhai. Watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 2010 kwamba kazi hiyo haifanywi na kiwavi peke yake. Wakiwapa viwavi dawa ya kuua bakteria, kisiwa hakitokei. Bakteria wanaohusika ni Wolbachia, wakaao mwilini mwa kiwavi.

Na uchimbaji huu ni wa kale. Katika miamba iitwayo Dakota, nchini Marekani, kumepatikana majani yaliyogeuka mawe yenye umri wa miaka milioni 97, na juu yake mahandaki ya familia za Nepticulidae na Gracillariidae yanasomeka. Dinosaria walikuwa wangali duniani.

Mwenye kutaka kuanza

Kuorodhesha nondo hawa hakuhitaji maabara. Piga picha mbili za jani, moja ya juu na moja ya chini, na ya tatu likiwa limeinuliwa kuelekea jua. Andika tarehe, mahali kwa usahihi, mmea, na kama handaki lina mtu au ni tupu. Kisha libane jani kati ya kurasa za gazeti kuukuu, ubadilishe gazeti kila siku hadi likauke. Jani likiwa limekauka vizuri linakaa miaka mingi, kama yale ya Heldreich. Hata handaki lililo tupu halijaisha kazi: wanasayansi wamefaulu kupata vinasaba vya mchimbaji kutoka kwenye mabaki yaliyoachwa humo.

Kumpata nondo mwenyewe kunahitaji uvumilivu. Chagua jani ambalo kiwavi wake amekaribia kushiba, kwa kuwa jani lililochumwa halikui tena. Litie kwenye chupa au mfuko wa plastiki pamoja na kipande cha karatasi laini, na uangalie kila siku. Unyevu ukizidi, ukungu unamuua. Ukavu ukizidi, jani linamkaukia. Kwa spishi zinazoshuka ardhini kugeuka pupa, weka mchanga kidogo chini.

Mara nyingi anayetoka si nondo. Ni nyigu mdogo, mwembamba, wa rangi ya kijani inayong'aa au mweusi, aliyekuwa akimla kiwavi kwa ndani muda wote huo. Wengi hukata tamaa wakamtupa. Asitupwe. Aliyemfuga nyigu kutoka kwenye handaki linalojulikana, la mmea unaojulikana, ameandika mambo matatu kwa pamoja: mmea, mchimbaji na adui wake. Atiwe kwenye kichupa cha spiriti, aandikiwe kibandiko kwa penseli, maana wino unayeyuka ndani ya spiriti, na awekwe pamoja na jani alilotoka.